Unga Unaoanguka

Kule Burungu watu husameheana mengi. Ng'ombe wako anaweza kuingia katika maharagwe ya jirani, mkatukanana mpaka koo zikauke, na Jumapili mkakaa benchi moja kanisani. Lakini mpe mgonjwa bugali wa makapi, zile chenga zinazobaki juu ya chekeche baada ya unga laini kushuka, halafu uone. Utasemwa wewe, atasemwa mama aliyekuzaa, na watoto wako watasemwa hata kabla hawajazaliwa. Makapi ni ya kuku na nguruwe. Mgonjwa hupewa unga uliorudiwa kuchekechwa kwa kitambaa, ule unaoruka ukiupulizia. Vestine alilijua hilo kabla hajajua sala ya Baba Yetu.

Mume wake, Léonard, alikuwa mchimbaji wa mawe ya bati kule Omate, upande wa Walikale. Mtu mrefu, mwenye utani usiokwisha, hata padri alimchekesha katikati ya maungamo. Pafu lake la kushoto lilikuwa limeliwa na kifua kikuu tangu ujana wake, likabaki jina tu. Alikuwa anaishi kwa lile la kulia. Na mwaka ule, sitini na saba, lile la kulia nalo likaanza kutoboka. Hewa ilivuja ikajaa kati ya pafu na mbavu, pafu likanywea, na mtu mzima akabaki anatafuta pumzi kama aliyekabwa shingo. Mara ya kwanza pafu lilijirudia lenyewe. Mara ya pili lilimchelewesha kitandani mpaka wenzake wakaanza kunong'ona. Mara ya tatu walimbeba kwa machela, milima na mito, wakipokezana mabegani, Vestine nyuma yao, mpaka hospitali ya misheni katika vilima vya Masisi. Walipomtua, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, na hakuwa na utani wowote.

Munganga, yaani daktari wa pale, aliitwa Athanase. Alikuwa mtoto wa vilima vile vile. Zamani msaidizi wa waganga Wabelgiji, halafu baada ya uhuru akapelekwa Ufaransa na kurudi munganga kamili. Alimtoboa Léonard ubavuni, akapitisha mpira mwembamba, na ncha yake akaizamisha ndani ya chupa ya maji. Kila Léonard akipumua, povu lilitoka majini. Hewa iliyovuja ilikuwa inapata njia. Lakini siku zilipita na povu halikukoma, maana yake tundu la pafu halikuziba, na kidonda cha ubavuni kikaanza kuwa chekundu.

Akamwita Vestine nje, akamweleza pasipo kuzungusha maneno. Mpira hauwezi kukaa pale daima. Akiutoa bila kufanya kitu kingine, pafu litanywea tena, na likinywea kule Omate hakutakuwa na mtu wa kubebwa, kutakuwa na mtu wa kuzikwa. Kuna dawa moja: kupuliza ndani ya kifua unga wa jiwe, jiwe linaloitwa talki, jiwe laini kuliko mawe yote. Kidonda kikichubuka na kuvimba, alisema, hunata kwenye kitambaa hata ukitaka kukitoa unalia. Basi pafu nalo litachubuka, litavimba, litanata kwenye ukuta wa mbavu, na halitaanguka tena. Tatizo ni kwamba unga wenyewe umekwisha. Barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa na vita vya wale Wazungu wa kukodiwa, na dawa za hospitali zilikuwa zimekwama huko.

"Nitautafuta miye," Vestine akasema.

Munganga akamwonya: usiwe na manukato, maana manukato ni sumu ndani ya kifua. Na usiwe ule wa matajiri wa magari, wa kupaka mipira ya ndani ya matairi, kwa sababu huo mara nyingi huchanganyika na jiwe jingine lenye nyuzi kali. Vestine akafunga kanga kiunoni, akashika njia ya Kitchanga.

Pale Kitchanga kulikuwa na Muhindo, Mukatoliki wa Butembo, mwenye duka na malori. Aliposikia talki, akacheka, akamfungulia gunia zima la ule wa kupaka matairi. Vestine akalikataa. Muhindo akamwuliza ameanza lini kuwa fundi wa malori. Akamjibu kwamba hajawa fundi, ila ana mume mmoja tu. Basi Muhindo akaacha mzaha, akapanda juu ya masanduku, akatafuta huku anakohoa, akashuka na kopo la bati lililofungwa bado, mzigo wa farmasi ya Goma ambao mwenyewe hakuja kuuchukua. Halikuwa na harufu. Kopo lilikuwa hilo hilo moja, na alimwambia wazi kwamba hata akifika Butembo kwa miguu hatapata la pili.

Vestine alilifungua mbele ya munganga kwa mikono yake. Unga ulipaa kama moshi wa jikoni, mweupe, laini, hata ulipotua kidoleni hukusikia kitu. Moyo ukamruka kwa furaha. Haki ya Mungu, alisema moyoni, hata unga wa arusi haujawahi kuwa hivi. Munganga akautia kidogo chini ya mikroskopi, akautazama sana. Akasema nyuzi hazimo, asante Mungu. Halafu uso wake ukakunjamana.

"Mama, iko na vumbi mingi. Ile vumbi njo itamuua."

Vestine hakuelewa. Laini namna hii, anataka nini tena? Athanase akaketi, akamsimulia jambo ambalo, alisema, hakulisoma katika kitabu chochote. Kule Ufaransa aliona watu waliotiwa talki ya jiwe lile lile moja, ila ya kwao mashini ilikuwa imeisaga zaidi ya kawaida. Kesho yake walianza kukohoa. Mmoja akafa, na walipompasua waliukuta ule unga katika pafu la pili, ambako hakuna mtu aliyeuweka. Chembe kubwa hubaki pale zilipopulizwa. Zile ndogo kabisa hupenya ngozi ya kifua, huingia katika damu, huenda zinakotaka, na pafu linalozipokea hujaa maji. Wakubwa wake walisema ni bahati mbaya. Yeye hakuamini bahati mbaya ya namna ile. Sasa Léonard hakuwa na pafu la akiba. Akivimba, amekwisha.

"Kwa hiyo unataka makapi," Vestine akasema. Neno lenyewe lilimkwaruza ulimi.

"Ndiyo. Nataka makapi."

Aliona haya, usidhani hakuona. Aliwaza watu wa Burungu, akamwaza hasa mama mkwe wake. Halafu akamtazama Léonard kupitia dirishani, anavyokazana kuvuta pumzi na mishipa ya shingo imesimama, na haya ikamtoka. Atapewa makapi. Watakaosema waseme, midomo ni mali yao.

Munganga akaonyesha namna: unga unakorogwa katika maji yaliyochemshwa, unaachwa kidogo, chembe nzito zinatua chini, na maji meupe yenye vumbi yanamwagwa katika beseni lingine. Kazi hiyo Vestine aliifahamu. Alikuwa amekaa Omate, akawaona wanaume wanavyoosha mawe ya bati mtoni, zito linabaki, tope linakwenda. Lakini talki si bati. Ilielea juu ya maji na kukataa kabisa kulowa, jeuri tupu, mpaka munganga akaongeza spiriti kidogo ndipo ikakubali kuzama. Akaosha, akamwaga, akaosha tena, munganga anapima kwa mikroskopi na kutikisa kichwa, yeye anarudia. Mwisho, munganga alipochungulia, akatabasamu. Kilichobaki kilipokauka hakikupaa tena. Ukikimimina, kilianguka kama mchanga wa mtoni.

Infirmière Emérita, muuguzi mwenye mpango ambaye hata kamba iliyokatika huitunza, akautia unga ule mzito ndani ya chupa, akaziba kwa pamba, wakauchoma katika tanuru ya mikate ya jiko la hospitali ili wadudu wa ugonjwa wafe. Lile vumbi la maji meupe nalo hakulitupa. Alilikausha katika sahani, akasema litafaa kupaka glavu. Chupa na sahani vikakaa kwenye rafu moja pale jikoni, vikisubiri asubuhi.

Jioni ile ndipo Mama Mukagasana alifika, kutoka Burungu, na kapu la maharagwe kichwani. Huyu ndiye aliyemzaa Léonard, na Léonard peke yake ndiye aliyembakia. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Alipomshika mwanawe miguu na kuikuta baridi, alikaa chini kwenye simenti. Vestine akamweleza habari zote, pamoja na ile ya makapi. Angeficha vipi? Mukagasana akamkazia macho, akamwuliza kama Léonard amekuwa nguruwe. Akasema hajawahi kusikia munganga anayeomba makapi, kwamba bila shaka Vestine amesikia vibaya, uchovu umemziba masikio. Vestine akashikilia lake. Mama naye akashikilia lake. Munganga Athanase alipopita akiwa na haraka zake, alimwona mama mtu mzima anatokwa na machozi, akainama, akamshika bega.

"Usiogope, Mama. Mutoto wako tutamupatia unga muzuri."

Basi. Neno moja hilo, alilisema kwa huruma, akaenda zake.

Alfajiri Vestine aliteremka kijitoni kufua mashuka ya mgonjwa. Mukagasana alibaki jikoni anapika uji. Juu ya rafu aliona sahani na chupa. Katika sahani kulikuwa na unga ambao yeye, aliyechekecha unga wa arusi za nusu ya Burungu, hakuwahi kuuona maishani. Katika chupa kulikuwa na makapi. Munganga alisema unga muzuri, na yeye alisikia kwa masikio yake. Kumbe mkazamwana amekosea, amechanganya, na akijulikana ataaibika mbele ya hospitali nzima. Akachomoa ile pamba. Akayamwaga makapi katika pindo la kitenge chake, akalifunga fundo. Akatia ule unga mzuri ndani ya chupa, taratibu, usimwagike hata kidogo, akaziba na kupangusa rafu. Alifanya hivyo kwa mapendo, na alijisikia amepona nusu.

Wakamwita Vestine katika chumba cha upasuaji. Léonard hakuweza kulala chali, kwa hiyo walimkalisha, kifua chake akakiegemeza juu ya bega la mke wake, mikono ikaning'inia mgongoni mwake. Dirisha lilikuwa upande wa jua. Athanase alikwisha mchoma dawa ya ganzi na kufungua njia ubavuni, anasubiri chombo cha mpira cha kupulizia unga. Emérita akashika chupa ile ile, yenye pamba ile ile, akaanza kumimina unga katika kikombe cha kile chombo.

Unga ulipaa.

Vestine aliuona ukisimama katika mwanga wa dirisha, hautui, unazunguka. Akisema na awe amekosea, amemchelewesha mtu ambaye tundu la ubavu wake liko wazi. Asiposema, na awe ameona sawa, anamzika. Pumzi ya Léonard ilikuwa inamkwaruza sikioni. Akatoa mkono mmoja, akafunika kile kikombe.

"Munganga, simama. Hii haiko yetu."

Athanase akamwambia atoe mkono, kwa sauti ambayo hakuna mtu pale hospitali aliyewahi kuisikia. Emérita akaapa kwamba chupa ni yenyewe, aliitoa tanuruni kwa mikono yake. Vestine hakutoa mkono.

"Yetu inaanguka," akasema. "Hii inapaa. Angalia muzuri, Papa. Hata mukinipiga, sitoi."

Munganga akachukua chembe kidogo kwa ncha ya kisu chake, akaielekeza kwenye jua, akaipulizia. Ikatoweka hewani. Halafu akaurudisha upesi mpira katika chupa ya maji, akafunga kidonda, na jasho likimtiririka akauliza ni nani aliyeigusa ile chupa ya unga.

Mukagasana alikuwa amesimama mlangoni. Vestine alimtazama mara moja tu, akaona weupe kwenye pindo la kitenge, akajua yote. Lakini mkazamwana anaanzaje kumnyooshea mama mkwe kidole mbele ya watu? Katika vilima vile ungekuwa umejichimbia kaburi ukiwa hai.

"Ni miye," akasema.

Athanase hakumgombeza. Aliuliza swali lililo baya kuliko kugombezwa: ule mzito ameuweka wapi? Kopo limekwisha. Hakuna mwingine Masisi nzima. Kama umetupwa, Léonard atabaki na mpira wake na usaha wake, basi.

Vestine angejibu nini, naye hakujua? Uongo wake wa heshima ulikuwa umefika mwisho wa njia, na sasa ulikuwa umesimama juu ya kifua cha mume wake sawa na lile vumbi. Hasira zikampanda mpaka macho yakauma. Sema, Mama, aliwaza. Sema, nakuomba, ama nitakutaja, na Burungu yote initapike. Akavuta pumzi ili amtaje.

Mukagasana akatangulia kuingia. Alipiga magoti pale kwenye simenti, akafungua fundo la kitenge. Makapi yalikuwamo yote.

"Vestine anasema uongo," akasema. "Ni miye. Ulisema unga muzuri, Munganga. Miye nikatia ile muzuri. Nilizani huyu mutoto amekosea, nikataka kumufunikia haya."

Athanase akavua glavu zake moja moja. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka: kosa lilianzia mdomoni mwake, alisema, yeye aliyezaliwa vilima hivi hivi alipaswa kujua neno "muzuri" lina maana gani mbele ya mama mwenye chekeche. Mukagasana hakutaka kufarijiwa. Aliuliza jambo moja tu, kama mkono wake ulikuwa unamuua mwanawe. Munganga akamjibu kwamba kwa hakika hajui, ila alivyoona kule Ufaransa, anaogopa ndiyo.

Yule mama akainuka. Sijui wengine wangefanya nini. Wako ambao wangekimbilia nyumbani wakajifungia. Yeye aliomba maji yaliyochemshwa na beseni. Unga uliolala katika pindo la kitenge ulikuwa umechafuka, ilibidi kuoshwa tena na kuchomwa tena, na Emérita alisema wazi kwamba hataki kumwona karibu na rafu yake. Vestine akamwambia Emérita, kwa adabu lakini bila kupepesa, kwamba wataosha wawili. Wakaosha wawili. Vestine alikoroga, Mukagasana akamwaga yale maji meupe, yaani ule uzuri wote, mpaka nje, kwenye majani. Walipouchoma tena, mama akaweka kiti mbele ya tanuru na hakuna mtu aliyepita hapo, hata mpishi mwenyewe.

Léonard alisubiri kutwa nzima na usiku wake. Alisubiri kwa shida, mnajua, siyo kama watu wanavyosubiri lori. Kesho yake walimkalisha tena begani kwa mke wake. Emérita alimimina, na unga ukaanguka ndani ya kikombe, shaa, kimya. Athanase akapuliza.

Aliwaambia mapema kwamba homa itakuja na maumivu yatakuja, hayo wasiyaogope. Waiogope pumzi, ikianza kwenda mbio na kukohoa maji. Homa ilikuja kweli. Léonard aliunguruma, akamwita marehemu baba yake, akawatukana wachimbaji wenzake kwa majina. Wanawake wale wawili walikaa huku na huku kitandani, wanasikiliza kifua tu. Kila pumzi ilipochelewa, Mukagasana alishika ukingo wa kitanda. Pumzi ilikuja. Ikaja nyingine. Hazikwenda mbio. Na ndani ya ile chupa ya maji, povu likapungua, likawa moja moja, halafu halikuwapo tena. Athanase alikuja, akainama kuitazama chupa, akaigonga kwa kidole kuhakikisha, akaondoka haraka akijifuta macho kwa kiwiko.

Homa iliposhuka, Léonard alifumbua macho. Akaushika ubavu wake, akakunja uso, na ule utani wake wa siku zote ukarudi kinywani.

"Nani amenitia moto humu ndani?"

Vestine alimtazama mama mkwe wake. Alikuwa tayari kusema ni munganga, ama kunyamaza tu, jambo lipite.

"Ni sisi," Mukagasana akasema. "Miye na Vestine."